Jeni za tembo wa Mikumi

Sensa ya mwaka 2013 ilikuta tembo 13,084 tu katika eneo la Selous na Mikumi. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 100,000. Majangili wakiendelea kuua, maabara nazo zilikuwa zikisoma vinasaba vya wanyama haohao, na mwaka 2015 zikatoka tafiti mbili ambazo mtu wa Kilosa, jirani wa hifadhi ya Mikumi, anastahili kuzijua.

Ya kwanza chimbuko lake ni hapahapa. Samuel Wasser, mwanasayansi wa Marekani, alianza kazi Mikumi kwa kuwachunguza nyani. Baadaye ujangili ulimvuta kwenye tembo. Alihitaji DNA bila kumgusa mnyama, akaipata kwenye kinyesi. Bonge likipita utumboni huchubua seli na kutoka limepakwa ute wenye seli hizo; ukikwangua ute wa nje, DNA unayo. Kwa kinyesi kilichokusanywa Afrika nzima akachora ramani ya vinasaba, kisha akalinganisha nayo meno yaliyokamatwa. Juni 2015 majibu yakatoka: shehena kubwa za meno ya tembo wa savana zilizokamatwa tangu 2006 zilitoka zaidi Afrika Mashariki, hasa Selous na Niassa ya Msumbiji.

Ya pili ilitoka Oktoba, na inahusu saratani. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake yote, kwa binadamu herufi zipatazo bilioni sita. Makosa mengi husahihishwa papo hapo, machache hubaki, na yakirundikana kwenye jeni zinazoongoza ukuaji, seli huanza kuzaana ovyo. Basi tembo, mwenye seli mara 100 hivi kuliko sisi, alipaswa kufa kwa saratani kabla ya kuzeeka. Swali la aina hii liliulizwa na Richard Peto wa Uingereza mwaka 1977.

Joshua Schiffman, daktari wa saratani za watoto huko Utah, alitafuta jibu kwenye damu ya tembo wa kufugwa. Binadamu hurithi nakala moja ya jeni ya TP53 kwa kila mzazi. Tembo wa Afrika hurithi zisizopungua 20. Protini ya jeni hiyo husimamisha unakili DNA inapoharibika. Uharibifu ukizidi, huiamuru seli ife. Seli za damu za tembo zilipopigwa mionzi zilijiua mara mbili ya zile za watu wenye afya. Za wagonjwa waliorithi TP53 yenye kasoro zilijiua kidogo sana, na watu hao hupata saratani wakiwa wadogo. Kwenye kumbukumbu za vifo vya tembo, saratani ilikadiriwa kuua chini ya asilimia 5; kwa binadamu ni 11 hadi 25.

Nakala hizo za ziada hazikutokea katika bustani za wanyama. Ziliongezeka kadiri mababu wa tembo walivyokua miili kwa mamilioni ya miaka, na waliozirithi ndio hawa wanaokatiza barabara ya Morogoro–Iringa wakielekea mbuga ya Mkata. Inaniuma kwamba sayansi iligundua thamani ya jeni hizi miaka ileile tulipoacha wenye nazo wapungue kwa makumi ya maelfu, kwa ajili ya meno.