Vada ya Maddur: kitafunwa kilichozaliwa na treni, kikapitwa na barabara

Tarehe 12 Machi 2023, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alifungua barabara mpya ya njia sita kutoka Bengaluru hadi Mysuru, katika jimbo la Karnataka. Ni kilomita 118, na safari iliyokuwa ikila saa tatu sasa huchukua kama dakika 90. Wasafiri walifurahi, na wana haki. Lakini Maddur, mji mdogo wa wilaya ya Mandya, furaha hiyo haikufika. Barabara mpya inaupita mji huo kando, kama inavyoipita Channapatna ya mafundi wa midoli ya mbao. Magari yaliyokuwa yakisimama milangoni mwa migahawa kwa kahawa na vada, leo yanapita mbali yakivuma, na wenye migahawa wanalia biashara imeanguka.

Mla bajia za kunde wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa sana vada ni nini. Kusini mwa India hulowekwa choroko nyeusi zinazoitwa urad, zikasagwa, zikatiwa viungo na kukaangwa. K. T. Achaya, mwanahistoria mashuhuri wa vyakula vya India, anaiona vada katika nchi ya Watamil tangu yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika karne ya 12, Mfalme Someshvara III aliitaja kwenye Manasollasa, kitabu chake kikubwa cha mambo ya ufalme na anasa zake. Wafalme wakapita, Waingereza wakaja, vada ikabaki jikoni.

Na jikoni ilikuwa kazi ya wanawake, ya alfajiri. Choroko zimelala majini usiku kucha. Sasa zinasagwa kwa jiwe mpaka ziwe rojo nzito iliyoumuka. Mama anachovya vidole kwenye bakuli la maji, anateka donge, analitandaza kiganjani, anatoboa tundu kwa kidole gumba ili katikati paive sawa na pembeni, kisha analitelezesha ndani ya karai. Nje inakauka, ndani inabaki laini kama sponji. Ila vada hiyo haingoji mtu. Huliwa ingali moto, kwa chatini ya nazi. Ikipoa inalegea na kukupa mafuta. Kwa safari haifai.

Ya safari ilizaliwa Maddur, na wenyeji husimulia hivi. Reli ya kuunganisha Bengaluru na Mysuru ilikuwapo tangu miaka ya 1880, na magarimoshi ya makaa yalisimama Maddur kunywa maji. Pale stesheni palikuwa na mgahawa mdogo wa Ramachandra Budhya, aliyewakaangia abiria pakora, bajia za vitunguu. Siku moja ya mwaka 1917, treni iliwahi. Unga umeshakandwa, mafuta yamepata moto, lakini pakora hazijakaangwa hata moja, na abiria wameshatoa vichwa madirishani. Tangi la injini likijaa, wateja wote wameondoka. Budhya akafanya alichoweza: akashika donge, akalibana kwa kiganja likawa bapa, akalitupa karaini, akashika la pili, akabana, akatupa. Kilichotoka kilikuwa mkate mwembamba wa rangi ya kahawia, upana wa kiganja, kingo zimechanika. Abiria waliutafuna, wakaupenda, wakautaka tena.

Ni hadithi ya kupendeza, nami naiamini zaidi nikiutazama unga wenyewe. Vada ya Maddur haina choroko, kwa hiyo haihitaji kulowekwa usiku kucha. Ni semolina, unga wa mchele na unga wa ngano kidogo, vitunguu maji vingi vilivyokatwa vyembamba, pilipili mbichi na majani ya mvuje. Unga huchanganywa kwanza na samli au mafuta ya moto, na vitunguu hufikichwa kwa chumvi mpaka vitoe maji yake. Ya kuongeza ni machache mno. Donge linakuwa gumu, na kwa kuwa ni bapa, unyevunyevu wote unatokea karaini. Ukiifunga kwenye gazeti inafika Mysuru ingali inavunjika kwa mlio, na kesho yake bado inalika. Haraka ya siku moja ilikipata kile ambacho vada ya nyumbani ilikikosa kwa karne nyingi.

Tena zama hizo kula safarini kulikuwa na mtihani. Katika stesheni nyingi za kusini, Wabrahmani, watu wa tabaka la juu, walikula upande wao na watu wengine upande wao. Mwanaharakati E. V. Ramasamy, aliyeitwa Periyar, aliupiga vita utengano huo mpaka ukafutwa kwenye reli mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1957 alikuwa bado anapambana: wafuasi wake walikwenda kukamatwa siku baada ya siku mbele ya mgahawa mmoja wa Triplicane, mjini Madras, wakitaka neno "Brahmani" lifutwe kwenye kibao. Vada ya dirishani haikuhitaji kiti wala ukumbi. Sisemi Budhya alilikusudia hilo. Nasema tu kwamba mkononi mwa mtu ambaye angeulizwa akae wapi, kitafunwa kile kilikuwa na heshima yake.

Miaka hiyohiyo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1955 P. Sabapathy wa Coimbatore alileta mashine ya kusagia choroko inayotumia umeme, na mikono ya akina mama ikapumzika. Injini za dizeli, ambazo hazina kiu ya Maddur, zikachukua reli, na migahawa ikahamia barabarani.

Linaloniuma ni hili. Mwaka huohuo wa 2023, muruku wa Manapparai huko Tamil Nadu, kitafunwa kikavu cha kusokotwa ambacho nacho kilipata jina kwa wasafiri wa treni, ulisajiliwa rasmi ili jina lake lilindwe kisheria. Maddur ilipata barabara ya kuikwepa. Kilomita 118 zimepimwa, zikachorwa, zikajengwa, na kama kuna aliyekumbuka mahali pa msafiri kusimama ale, Maddur hawajamwona. Njia nzuri ya kutokea, kibao kikubwa na vibanda vya wakaangaji vingegharimu kidogo kuliko daraja moja.

Budhya aliweza kuipiku treni iliyowahi, maana ingawa iliwahi, ilisimama. Hakuna kiganja chepesi cha kumkaangia mteja asiyesimama.