Magitaa ya Besi ya Kale na Ila Zake

Wanamuziki wa Marekani wa zama zilizopita, walipotaka sauti nzito ya chini, hawakuwa na budi ila kubeba lile fidla kubwa la kusimama, ambalo wasikilizaji wa taarabu ya Unguja wanalijua vyema, chombo chenye haiba yake lakini chenye kumezwa na tarumbeta na kumwadhibu mwenyewe katika kila safari. Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kujaribu besi ya umeme katika miaka ya 1930, ila biashara yake haikushika. Aliyefaulu ni Leo Fender wa Fullerton, California, fundi wa redio ambaye, ajabu ni hiyo, hakujua kupiga gitaa. Naye mwaka 1951 alitoa Precision Bass, ambayo shingo yake ilitiwa vichuma vya kukingama ili kidole kipate sauti sahihi pasipo kubahatisha.

Walakini usahihi huo ulikuwa na upungufu, kwani nyuzi nne ziliegemea juu ya vidaraja viwili tu, na mpigaji aliyeusawazisha uzi mmoja aliuharibu jirani yake. Mwaka 1957 kila uzi ukapewa kidaraja chake, na sumaku inayonasa mtikisiko ikagawanywa mapande mawili ili kuondoa mvumo wa umeme. Yaani mtengenezaji mwenyewe alizijua ila za kazi yake, akazirekebisha, ilhali matajiri wa leo wanazinunua ila zizo hizo kwa dhahabu.

Mwezi wa Januari 1965 kampuni ya Fender iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13, na wakusanyaji wakaifanya siku hiyo kuwa tarikhi: kilichotangulia ni johari, kilichofuata ni bidhaa. Hukumu hiyo naiona ina dhuluma. Hata katika magitaa yaliyotangulia, shingo ikipinda, aghalabu fundi hulazimika kuing'oa kabisa ndipo aifikie skrubu ya kuinyoosha. Na mengi yana mahali fulani shingoni ambapo sauti hufa mara tu ipigwapo.

Na hao waliokipa chombo hiki utukufu hawakukitukuza hata kidogo. James Jamerson, mpigaji wa kampuni ya rekodi ya Motown huko Detroit, alipiga Precision yake ya mwaka 1962 kwa kidole kimoja, juu ya nyuzi nene zilizochakaa ambazo hakupenda kuzibadili, na sauti ile nzito, iliyofifia upesi, ambayo wengi huitafuta katika mbao kuukuu, kwa sehemu kubwa ilitoka katika uchakavu huo na katika kidole chake. Jaco Pastorius naye alijipatia jina kwa Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, ya 1962 iliyong'olewa vichuma vyote, na ubao wake ukapakwa gundi ngumu itumikayo katika mashua. Kitendo ambacho leo, kikitendwa na asiye na jina, kingeliondolea gitaa la mwaka huo sehemu kubwa ya thamani yake sokoni.