Sura Kwenye Kava: Steven Kanumba na Biashara ya Filamu Kariakoo

Wanaoandika maisha ya mwigizaji Steven Kanumba huanzia Shinyanga, alikozaliwa Januari 8, 1984, wakaishia makaburi ya Kinondoni. Katikati huweka kipaji. Mimi napendekeza tuanzie dukani. Enzi zile filamu za Bongo zilipouzwa kwa diski, kamera peke yake haikutosha kumfanya mtu nyota. Unyota ulikamilikia Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye kava.

Tulitazame kava lenyewe. Sura ya mwigizaji imekatwa kutoka picha nyingine ikapachikwa juu ya mandhari isiyohusiana nayo, macho yakimkazia mpita njia. Kisa hakina nafasi. Pembeni pameandikwa "Part 1", maana mwisho wa hadithi umo kwenye diski nyingine inayouzwa peke yake. Mteja anayekatiza Mtaa wa Kongo huku wabeba mizigo wakimpigia kelele apishe hana muda wa kuuliza filamu inahusu nini. Anauliza ya Kanumba mpya kama imetoka. Swali hilo ndilo lililokuwa mizani ya msambazaji.

Utaratibu uliozoeleka ulikuwa mtayarishaji kuuza "master", yaani nakala mama, kwa mkupuo, haki zikiwamo humohumo. Kudurufu, kuchapa kava na kupeleka mzigo mikoani kulibaki kwa mnunuzi, na faida vilevile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ilikuwepo, lakini humlinda mwenye haki, na haki ilikwisha kuuzwa.

Kanumba hakuanzia kwenye diski. Alipitia Kaole, kundi lililocheza tamthilia za ITV, ambako sura iliingia sebuleni bure kila wiki. Ilipohamia kwenye diski ikawa na bei, na nadhani yeye aliielewa bei hiyo mapema kuliko wenzake wengi.

Chukua Dar 2 Lagos (2006), aliyocheza na Mercy Johnson wa Nigeria. Mtafiti Matthias Krings, katika kitabu chake African Appropriations (2015), anaisoma ndani ya safari ya Nollywood kuingia Tanzania. Sipingi, ila usomaji huo umesimama Lagos. Ukisimama Kariakoo unaona jambo la kawaida zaidi: filamu za Kinigeria zilikuwa zikitoka vizuri, na Kanumba akaisogeza sura yake karibu na bidhaa iliyokwisha kupata wateja. Alirudia hesabu hiyohiyo na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom (2011). Hata yale majina ya Kiingereza juu ya filamu za Kiswahili, ambayo wasomi tuliyacheka (nami nimo), yalikuwa lugha ya rafu za duka.

Kisha akaanzisha kampuni, Kanumba The Great Film. Wakosoaji waliona majivuno. Mimi naona mtu aliyejua kinachouzwa ni jina lake, akataka angalau alimiliki. Tatizo ni kwamba kutayarisha siyo kusambaza: diski bado ilipaswa kupita kaunta ya mtu mwingine, na ikishatoka mlangoni mwake, mtayarishaji hakuwa na njia huru ya kujua nakala ngapi zimeuzwa. Nje, barazani, kulikuwa na diski za magendo zenye filamu kumi ndani ya moja. Hizo nazo nani angezihesabu?

Kifo chake, Aprili 7, 2012, nyumbani kwake Sinza, na kesi iliyofuata vimeandikwa vya kutosha. Kinachonihusu ni viwanja vya Leaders Club alikoagwa siku tatu baadaye, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwa miongoni mwa waombolezaji. Magazeti yalistaajabia umati ule kana kwamba umetoka hewani. Walikuwa wateja, wale waliokuwa wametawanyika kwenye vibanda vya video na sebule za nchi nzima, na ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kuwaona wamekusanyika pamoja.

Mwaka 2013 serikali ilianza kuweka stempu za kodi kwenye bidhaa za filamu na muziki. Kibandiko kidogo, kimoja kwa kila nakala, chenye namba.