Bwana Msa Aanzwe Wapi

Wenzangu wa darasa la uzamili wakisikia kwamba ninaandika tasnifu juu ya Muhammed Said Abdulla, huniuliza mambo mawili kwa mpigo: si ndiye yule aliyemwiga Sherlock Holmes, na je, nianze na kitabu gani? Huwa najibu la pili kwanza, kwa kuwa anayeanza pabaya hubaki na lile la kwanza maisha yake yote.

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale. Muswada wake ulishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, kitabu kikatoka 1960, Zanzibar ingali ya Mwingereza na Sultani. Mwandishi, mzaliwa wa Makunduchi wa mwaka 1918, alikuwa mtu wa magazeti. Tangu 1958 alihariri Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Riwaya yenyewe ni ya mauaji: tajiri Bwana Ali ameuawa, na maiti yake imekutwa mzimuni, mahali ambapo watu wanapaogopa. Anaingia Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum ubavuni.

Kiko ni cha Holmes, sikatai. Lakini Holmes husoma majivu ya sigara na matope ya viatu. Bwana Msa, hasa kadiri vitabu vinavyoongezeka, husoma nasaba: nani alimwoa nani, nani alimwacha nani, na mtoto huyu ni wa nani hasa. Kwa Mzanzibari wa zama zile huo haukuwa umbeya. Mirathi ilikwenda kwa sheria ya Kiislamu; mtoto aliyethibiti nasaba yake ana fungu katika shamba la mikarafuu la babake, na asiyethibiti hana hata shina moja. Siri ya kitandani ilikuwa na thamani ya magunia ya karafuu.

Kisha hakuna riwaya nyingine ya Bwana Msa kwa miaka minane, na katikati ya miaka hiyo kuna Januari 1964. Mapinduzi yalimwondoa Sultani, ardhi ikataifishwa, wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Kisima cha Giningi kilipotoka 1968, utajiri wa mashamba ambao warithi wa namna hii wangeugombania ulikuwa umeshapita mikononi mwa serikali. Mwandishi ndiye aliyekuwa akihariri gazeti la wakulima kipindi chote hicho! Natamani ningekuta jalada moja tu la barua zake za ofisini. Kwa hiyo kisome hicho cha pili, na ukisome ukijua kilitoka mwaka gani. Anayevirukia vitabu vya baadaye bila kujua haya huona ni visa vya ndoa tu, vya kupitishia wakati.

Mwaka huohuo wa 1968 Abdulla alistaafu, na baadaye vitabu vikafululiza kimoja kila mwaka: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Hivi visome upendavyo. Mimi nilivisoma bila mpangilio, kila nakala ilipopatikana, na sikupotea. Sadfa humo zimetiwa chumvi kuliko ninavyopenda, ila Kiunguja chake kitamu kinanifanya nisamehe.

Kimoja tu usikianze: Kosa la Bwana Msa, cha 1984. Jina lake huwavuta watu. Mwenzangu mmoja alikiazima kwangu kabla ya vingine vyote, akanirudishia baada ya siku mbili akisema kwamba ameona mzee mwenye kiko amekosea, basi. Hakuwa amemwona akipatia. Hakuwa amekaa naye kitabu baada ya kitabu, Inspekta Seif akibahatisha, Najum akiuliza yale ambayo msomaji mwenyewe angeuliza, na mzee akivuta kiko na kunyamaza hadi aliponyanyuka kuwaambia wote nani ni mtoto wa nani.