Vidato vya Mnazi: Mtihani, Shule za Wateule na Maneno Yake katika Nyanda za Kati za Tanzania

Kabla ya kuwa jina la darasa la shule ya sekondari, kidato lilikuwa neno la wakwezi. Mkwezi wa pwani huchonga mapengo katika shina la mnazi, akaweka mguu katika kidato cha kwanza, kisha cha pili, hadi akafika kwenye makuti. Walioliingiza neno hilo shuleni huenda hawakukusudia kuueleza mfumo mzima wa elimu, lakini lenyewe lilibeba mambo mawili: kwamba safari ni ya kupanda, na kwamba mnazi mmoja haukwewi na umati. Neno mtihani nalo lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana pana kuliko karatasi ya maswali. Hadi leo mtu aliyefikwa na dhiki husema amepata mtihani, na hakuna anayedhani kuwa anazungumzia Baraza la Mitihani. Aliyeshindwa katika karatasi hiyo alisemwa, katika matumizi ya zamani, kuwa ameanguka.

Maneno haya yanafaa kuwekwa mwanzoni kwa sababu swali linalojadiliwa hapa huulizwa mara nyingi kana kwamba ni la hesabu tu: je, nafasi katika shule au chuo cha wateule inastahili ushindani na mashaka anayobebeshwa kijana ili aipate? Katika nyanda za kati za Tanzania, kuanzia Ugogo hadi Unyamwezi, swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya jibu lake imehifadhiwa katika lugha ambayo watu wameitumia kuzungumzia kufaulu na kutofaulu.

Nyanda hizi hazikuwa na kahawa ya Kilimanjaro wala ya Bukoba. Ugogo ulijulikana kwa mifugo, uwele, mtama na ukame. Njaa ya Mtunya, iliyoanza mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitawanya familia na kuacha jina ambalo wazee walilitumia kuhesabia miaka. Hata hivyo ni katika nyanda hizi hizi ambapo serikali ya kikoloni ya Mwingereza ilifungua, mwaka 1925, Shule ya Tabora. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwaandaa watoto wa watemi na machifu kwa kazi za utawala usio wa moja kwa moja, na mfano wake ulikuwa shule za bweni za tabaka la juu la Uingereza. Hapakuwa na ushindani mkubwa wa karatasi katika hatua ile, kwa kuwa kilichomfikisha mtoto Tabora kilikuwa nasaba.

Ushindani uliingia kidogo kidogo, na kwa muda nasaba na mtihani vilikaa pamoja. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alifika Tabora mwaka 1937 akitokea shule ya Mwisenge, Musoma, baada ya kufanya vizuri katika mtihani. Alitoka huko akaenda Makerere mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Wakatoliki ya St. Mary's, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Kwa kijana wa aina hiyo hesabu ya faida haikuwa na shaka. Nafasi zilikuwa chache mno, na aliyepata moja aliweza kufika mahali ambapo hakuna njia nyingine iliyofika.

Huko Dodoma mlango wa pili ulikuwa wa kanisa. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamekita Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na baadaye Mvumi na Kongwa. Kutokana na kazi yao na ya washirika wao wa Kiprotestanti ikapatikana shule ya sekondari ya Alliance, mjini Dodoma. Oscar Kambona, aliyetoka mbali sana na Ugogo, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, alisoma hapo kabla ya kwenda Tabora, na baadaye alirudi Dodoma kuwa mwalimu kabla ya siasa za TANU kumchukua katika miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba alimshawishi askofu Mwingereza amlipie karo kwa kumsomea Sala ya Bwana kwa Kiingereza. Iwe simulizi hiyo imepambwa au haikupambwa, inaeleza kwa usahihi ufunguo wa mlango ule. Sala yenyewe angeweza kuisali kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, na Mungu angemsikia. Askofu alihitaji kuisikia katika lugha ya shule.

Faida waliyoipata vijana hawa haikuwa masomo peke yake. Bweni, neno lililotajia hapo zamani mahali pa kulala vijana wasiooa, liliwakusanya chini ya paa moja Mzanaki, Mgogo, Mnyamwezi, Mnyasa na Mhaya ambao nyumbani hawangekutana. Darasani walitakiwa kusema Kiingereza. Uwanjani na usiku walisema Kiswahili. Wengi wa watu hao walikutana tena katika vyama vya siasa na katika baraza la mawaziri. Mwanahistoria anayetaka kujua kwa nini Tanganyika ilipata uongozi ulioelewana kwa lugha moja hawezi kuyaruka mabweni ya Tabora na Dodoma. Hilo ni zao la shule za wateule, na ni haki kulitaja kabla ya lawama.

Lakini zao hilo lilitokana na mchanganyiko wa watu, na mchanganyiko si kitu kimoja na mchujo. Mfano wa Rashidi Kawawa unasaidia kuona tofauti. Kawawa alisoma Tabora, akawa na nafasi ya kwenda Makerere, akaiacha ili afanye kazi na kuwasomesha wadogo zake. Aliingia katika utumishi wa serikali, kisha katika vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wapo wanaomtumia kuthibitisha kwamba chuo cha wateule hakina maana. Hoja hiyo ni nyepesi, maana Kawawa aliacha Makerere lakini hakuiacha Tabora: alikwisha kupanda vidato vingi kabla ya kushuka kwa hiari. Anachothibitisha ni jambo dogo zaidi, nalo lina uzito wake: kwamba kidato cha juu kabisa, ambacho vijana wengi walikikesha na kukililia, si lazima ndicho kilichokuwa na tunda.

Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alikiri jambo ambalo wazazi wengi hawakutaka kulisikia: ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari. Wengine wote walikuwa wakifundishwa kana kwamba wanaandaliwa kwa safari ambayo hawatakwenda, kisha wanarudishwa kijijini wakiitwa walioshindwa. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa yenyewe. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likaagiza elimu ya msingi kwa wote. Shule za makanisa zilikuwa zimetaifishwa. Alliance ikapewa jina la Mazengo, mtemi mashuhuri wa Mvumi, na ikaendelea kuwa shule ambayo wavulana kutoka mikoa mbalimbali waliomba wapangiwe. Mgao wa nafasi kwa mikoa, ulioanza katika miaka ya 1970, uliisaidia mikoa kama Dodoma na Singida ambayo isingefua dafu mbele ya Kilimanjaro kama alama zingetazamwa peke yake. Huko Kilimanjaro mgao huo ulilalamikiwa sana, na malalamiko yao hayakuwa ya uongo: mtoto mwenye alama nzuri alibaki nyumbani.

Ni katika kipindi hiki ambapo kitenzi kimoja kilibadilika uzito. Mtoto wa darasa la saba hakusemwa tena kuwa amefaulu, alisemwa amechaguliwa. Kwa sarufi, tofauti ni kubwa. Kufaulu ni tendo la mwenyewe. Kuchaguliwa ni kutendewa, na mtendaji hatajwi: ni kamati, ni mkoa, ni orodha iliyobandikwa ukutani. Mtoto aliyefanya vizuri lakini akakosa nafasi alikuwa katika hali ambayo lugha iliipa sentensi ya ajabu, iliyosikika kila mwisho wa mwaka: amefaulu ila hakuchaguliwa. Sentensi hiyo ilikuwa na huruma ndani yake. Ilimwachia mtoto heshima ya kufaulu, ikamwekea aibu asiyetajwa.

Huruma hiyo ilipotea baadaye, na njia iliyopotelea inaonekana katika kiambishi. Katika miaka ya 1990 shule binafsi ziliongezeka, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikazipa nafasi zaidi, na wazazi wa mijini wakaanza kutafuta shule inayofaulisha. Hapa mtoto ametolewa kabisa katika nafasi ya mtendaji. Shule ndiyo inayofanya. Mtoto ni kitu kinachofanyiwa. Wakati huo huo kufeli, neno la mkopo, likakisukuma pembeni kitenzi kuanguka. Aliyeanguka aliweza kuinuka, kwa kuwa neno lenyewe lina picha ya njia na ya mtembezi. Aliyefeli amekwisha.

Je, ni kweli kwamba shule hufaulisha? Kati ya shule saba za serikali zilizotengewa wanafunzi wa vipaji maalumu, tatu zimo katika nyanda hizi: Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, na Msalato ya wasichana, karibu na mji wa Dodoma. Nyingine ni Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala. Shule hizi huwapokea watoto waliokwisha kuongoza katika mitihani ya mikoa yao. Shule inayopokea mbegu bora kutoka nchi nzima ikivuna vizuri, mvunaji anastahili pongezi, lakini mbegu nayo inastahili kutajwa. Bila kumfuatilia mtoto wa uwezo ule ule aliyesoma penginepo, sifa yote anayopewa mwalimu wa Msalato ni sifa ya kukisia. Anachopata msichana wa Msalato kwa hakika ni wenzake. Anakutana na wasichana wanaopenda hesabu kama yeye, na hafanyiwi mzaha kwa hilo. Kwa mtoto aliyetoka kijiji ambako alikuwa peke yake, jambo hilo pekee laweza kustahili mashaka yote.

Gharama ipo, na wanafunzi wenyewe wameiandika katika msamiati wao. Katika shule na vyuo husemwa kupiga msuli, yaani kusoma hadi usiku wa manane. Yupo kipanga, aliyepewa jina la ndege mwindaji kwa sababu ya makali yake. Na yupo kilaza. Umbo la neno hili la mwisho halihitaji maelezo: ki- ya kudunisha imewekwa mbele, na binadamu ametolewa katika ngeli ya watu. Katika mazungumzo ya bwenini lilikuwa neno la utani, na utani una mipaka inayojulikana na wataniani.

Mwaka 2016 neno hilo lilitoka bwenini. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kwa nia ya kupokea hadi wanafunzi 40,000, kilikuwa kimekabidhiwa programu ya stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati, iliyochukua vijana waliomaliza kidato cha nne ili kupunguza uhaba wa walimu. Mwishoni mwa Mei mwaka huo, baada ya mgogoro wa ufundishaji, serikali iliwaamuru wanafunzi zaidi ya 7,800 waondoke chuoni, na wengi walikwenda kituo cha mabasi na masanduku yao bila kujua kama watarudi. Siku chache baadaye Rais John Magufuli, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaita vilaza ambao hawakustahili kuwa chuo kikuu. Baadaye waliokidhi vigezo walipangiwa vyuo vya ualimu, na hapo ikadhihirika kwamba miongoni mwao walikuwamo wenye sifa halali. Hoja ya kulinda kiwango cha chuo kikuu ilikuwa na msingi, na hata wahadhiri kadhaa wangeiunga mkono. Neno lililotumika ndilo lililozidi. Vijana hao hawakujipenyeza. Waliitwa na serikali ile ile, kwa programu ya serikali, kuziba pengo la serikali. Walichaguliwa. Sarufi ya kutendewa iliyowaficha waliowachagua ndiyo iliyowaacha peke yao siku ya kuaibishwa.

Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: shule hazilingani, na orodha ilitumika kama tangazo la biashara. Wenye shule zilizozoea kuongoza hawakufurahi. Magazeti nayo yalipoteza ukurasa. Hata hivyo orodha hutengenezwa upya kila mwaka na wazazi wenyewe kutoka katika matokeo yaliyotangazwa, na mabango ya shule binafsi barabarani yameendelea kujaa picha za watoto na alama zao.

Kuhusu Mazengo, shule ile haipo tena. Majengo yake katika eneo la Kikuyu, Dodoma, yalirudi kwa Kanisa Anglikana, na mwaka 2007, mwaka ule ule wa kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Dodoma, yakawa makao ya Chuo Kikuu cha St. John's. Wanaume waliowahi kukosa usingizi kwa kuhofia kutopangiwa Mazengo wana wajukuu ambao jina hilo kwao ni la mtemi tu. Sekondari za kata, zilizoenea baada ya 2004, zimefanya nafasi ya kidato cha kwanza kuwa jambo la kawaida kwa kila anayefaulu, na sera iliyorekebishwa mwaka 2023 inaelekeza elimu ya lazima ya miaka kumi. Huko Dodoma kitenzi kuchaguliwa bado kinatumika kila Desemba. Siku hizi, mzazi akisema mwanawe amechaguliwa, jirani humwuliza: kwenda wapi?