Undugu wa Kuitwa: Maneno ya Ukoo Baina ya Watu Wasiojuana katika Historia ya Kiswahili

Mtu anapomwita asiyemjua "dada", "mwanangu" au "mpenzi", je, anamkaribisha au anamshusha? Mara nyingi swali hili huhesabiwa kuwa la adabu tu. Katika Kiswahili ni swali la historia pia. Kwa kawaida Kiswahili hakitofautishi viwakilishi vya nafsi ya pili kwa heshima, kama Kifaransa kinavyotenga "tu" na "vous"; tajiri na maskini wote huambiwa "wewe". Roger Brown na Albert Gilman walionyesha mwaka 1960 jinsi viwakilishi vya lugha za Ulaya vinavyobeba mamlaka na mshikamano. Katika Kiswahili mzigo huo hubebwa zaidi na maneno ya kuitana, hasa maneno ya ukoo, na maneno hayo yamepita katika utumwa, ukoloni na Ujamaa.

Yafaa kuzingatia kwanza kwamba maneno ya ukoo huenda kwa jozi. Anayeitwa mjomba humwita mwenziwe mpwa. Shemeji hujibiwa shemeji, na somo hujibiwa somo. Anayeamkiwa "shikamoo" hana budi kuitikia "marahaba". Kila jozi ina wajibu wake: mjomba hutarajiwa kusaidia, na mpwa hutarajiwa kusikiliza. Kwa hiyo, neno likitazamwa peke yake halitoshi kuamua maana. Umbo "mwana", ambalo hutaja pia mtoto, lilikuwa jina la heshima kwa mabibi wa Pate na Lamu. Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utendi wake kwa bintiye hutajwa kuwa wa mwaka 1858, hakudunishwa kwa kuitwa hivyo.

Hata hivyo, ukoo wa kuitwa uliweza pia kuwa kifungo. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed kwa shinikizo la Waingereza, iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Mtumwa wa shamba la karafuu aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Masuria walitengwa. Amri iliwahesabu kuwa watu wa nyumbani kwa maana ile ile ya wake, na iliwaachia njia ya kudai kutoka pale tu walipotendewa ukatili. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1909. Ni kweli kwamba mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi. Lakini suria mwenyewe, kwa kuhesabiwa jamaa, alifungiwa mlango uliokuwa wazi kwa wengine.

Ukoloni ulileta jozi isiyokamilika. Neno "boi" lilitoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume, likawa jina la mtumishi wa nyumbani hata akiwa na wajukuu. Walowezi wa Kenya waliongeza "toto" kwa msaidizi mdogo wa jikoni, wakiliacha neno bila kiambishi chake cha ngeli. Huenda baadhi yao walilitamka kwa upole. Lakini jibu lililotarajiwa lilikuwa "bwana" au "memsabu", si "baba" wala "mama". Aliyeitwa mtoto alipewa utii wa mtoto bila haki za mtoto.

Wapigania uhuru walilielewa jambo hilo. TANU, iliyoasisiwa mwaka 1954, iliwataka wanachama wake waahidi kwamba binadamu wote ni ndugu, na mwaka 1962 Julius Nyerere alieleza Ujamaa kwa kutumia mfano wa jamaa ya Kiafrika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "Ndugu" lilienea kama jina la kumtangulia kila mtu, waziri na mfagizi. Nguvu ya neno hili ilikuwa katika usawa wake: ndugu hujibiwa ndugu. Lakini hata usawa huo ulikuwa na mpaka. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini kungekuwa lazima kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na katika Operesheni Vijiji baadhi ya wakulima walivunjiwa nyumba zao. Mkulima aliweza kumwita ofisa ndugu, lakini hakuweza kumkatalia. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, "Mheshimiwa" lilitawala majukwaa, na "Ndugu" likabaki zaidi ndani ya CCM.

Leo suala hili linaonekana wazi zaidi nyumbani. Katika kaya nyingi za mijini nchini Tanzania, "boi" na "hausigeli" yamepisha "dada". Badiliko hili lina nia njema, na watoto wanaomwita mfanyakazi hivyo humheshimu kama mkubwa wao. Lakini "natafuta dada" sasa humaanisha kutafuta mwajiriwa, na dada huyo hamjibu mwajiri kwa neno "dada"; humwita "mama" au "bosi". Zaidi ya hayo, "huyu ni mtu wa nyumbani" hugeuka kuwa jibu pale panapoulizwa mkataba, likizo au mshahara, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani mwaka 2011. Hoja iliyomfunga suria mwaka 1897 haijafa.

Haifuati kwamba maneno ya ukoo yaachwe. Muuza samaki anayemwambia mteja "mwanangu" naye akaitikiwa "mama" amekamilisha jozi. Wote wawili wako huru kupatana bei au kuachana. Neno "mpenzi" kutoka kwa mtu asiyejulikana huudhi upesi zaidi kwa kuwa linadai ukaribu bila wajibu wowote unaofahamika. Kipimo, basi, ni mambo mawili: kama anayeitwa anaweza kujibu kwa neno la jozi yake, na kama wajibu unaotajwa na neno hilo unatimizwa. Mtafiti wa isimujamii anayeandika neno la kuitia bila kuandika jibu lake, na bila kuuliza nani alilipwa nini, amekusanya nusu tu ya ushahidi.