Kuvutwa au Kubanwa: Matetemeko na Ubishi wa Bonde la Ufa

Oltepesi ni uwanda wa Kajiado ulio chini ya Milima ya Ngong, kando ya barabara ya Magadi. Ardhi yake imekatwakatwa na magenge yanayokwenda kaskazini hadi kusini, na wanajiolojia wameuita kwa jina lake mwamba wa volkano uliomwagika huko zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Kila genge ni alama ya ufa ambao upande wake mmoja umeshuka. Kwa miongo mingi wataalamu walibishana kuhusu nguvu iliyoushusha.

Mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyelizuru Bonde la Ufa mwaka 1893, aliamini kwamba ardhi ilivutwa pande mbili na sehemu ya kati ikadidimia. E. J. Wayland wa idara ya jiolojia ya Uganda alipinga: kwake, kingo zilibanwa zikapanda juu ya sakafu ya bonde. Mwaka 1936 wanasayansi Bailey Willis na Edward Bullard nao walitetea ubanaji, Bullard akitegemea vipimo vya nguvu ya uvutano wa dunia. Magenge yenyewe hayakuweza kuamua, kwa sababu yamemomonyoka, na mwinamo wa ufa kilomita kadhaa chini hauonekani kwa macho.

Jibu lilikuwa ndani ya mawimbi ya tetemeko. Mwaka 1917 mwanasayansi Shida Toshi wa Kyoto alitambua kwamba wimbi la kwanza halianzi namna moja kila mahali. Kwenye baadhi ya vituo ardhi husukumwa mbali na chanzo, na kalamu ya mashine ya kunasa matetemeko hupanda. Kwingine huvutwa kuelekea chanzo, na kalamu hushuka. Misukumo na mivuto ikitiwa kwenye ramani hujitenga katika robo nne. Perry Byerly wa Berkeley aliifanya kanuni hiyo ifae hata kwa matetemeko ya mbali, kwa kulifuata kila wimbi kinyumenyume katika njia yake iliyopinda hadi kwenye mwelekeo liliotoka nao katika chanzo.

Hapo ndipo uzuri wa mbinu hii ulipo: alama ndogo ya juu au chini, ikikusanywa kutoka vituo vingi, hufichua kilichotokea mahali ambapo hakuna mtu awezaye kufika. Ardhi ikivutwa hadi ufa ukateleza, mawimbi yanayoshuka wima chini ya chanzo huanza kwa mvuto. Ikibanwa, huanza kwa msukumo. Hata hivyo mbinu hutoa bapa mbili zinazokatana kwa pembe mraba, na moja tu ndiyo ufa wenyewe. Kuichagua kunahitaji ushahidi mwingine, kama mwelekeo wa magenge.

Kwa muda mrefu rekodi zilikuwa chache na mashine hazikufanana. Kituo kimoja kilichounganishwa nyaya kinyume kiliweza kuvuruga picha nzima. Miaka ya 1960 Marekani ilieneza mashine za aina moja katika vituo zaidi ya 100, Nairobi ikiwemo, hasa kwa ajili ya kufuatilia majaribio ya nyuklia. Tetemeko la Toro, Uganda, la tarehe 20 Machi 1966 lilinaswa vizuri, na mawimbi yake yalionyesha mvutano. Mwaka 1971 watafiti Fairhead na Girdler walichapisha uchunguzi wa matetemeko ya Afrika uliothibitisha hali hiyohiyo katika mfumo wa bonde. Hoja ya ubanaji haikuwa na pa kusimama tena.

Karibu na Oltepesi, watafiti wa Ujerumani walitega mashine eneo la Magadi mwaka 1997 na 1998, wakanasa msururu wa matetemeko madogo. Mengi yalitokana na nyufa za kushuka, ardhi ikivutwa takriban mashariki na magharibi, karibu kukingama na magenge ya uwanda.